Ngolo ya Sungura

Mvua ikianza ghafla pale mjini Mbinga, watu wote hukimbia. Wenye kahawa iliyoanikwa hukimbia zaidi, waendesha bodaboda hujazana chini ya vibaraza vya maduka, hata paroko nimewahi kumwona ameinua kanzu juu ya magoti akitimua mbio kuelekea nyumba ya mapadre. Mimi sikimbii. Nakwenda hatua kwa hatua mpaka nifike, nimelowa chapachapa, na vijana wanasema Mama Xavery ameanza maringo uzeeni. Wenye huruma wanasema ni magoti. Magoti yangu ni mabovu, sikatai, lakini siyo yanayonizuia.

Yote yaliletwa na picha. Mwanangu Xavery ni dereva wa lori la tajiri mmoja, lori ambalo kwa kawaida hubeba makaa ya mawe kutoka Ngaka. Siku hiyo alikuwa ametumwa kupeleka saruji Liuli, kule ziwani, kwenye nyumba moja kuukuu ya mawe iliyokuwa inakarabatiwa. Mlinzi wa nyumba hiyo, mzee aitwaye Hamphrey, akamwambia kuna picha nzuri ya kizungu ndani, na kama anaitaka aichukue bure.

Xavery aliporudi alitusimulia, mimi na mkewe, huku akimwiga yule mzee. "Mama, anatembea kama amebeba mtungi wa maji kichwani. Mvua inakuja kutoka ziwani, nampigia honi, wala. Hatua, anasimama, hatua. Nikadhani nitalala Liuli." Tukacheka. "Halafu picha ilipoingia tu garini na mimi nikaondoka, nikamwona kwenye kioo cha pembeni anakimbia uwanjani peke yake, mikono juu, anazunguka zunguka kwenye mvua." Tukacheka zaidi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na nikikumbuka kicheko kile najisikia vibaya.

Picha yenyewe ilikuwa kubwa, ina fremu nyeusi na kioo, na karatasi yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa uzee. Mbele kabisa kulikuwa na sungura anakimbia, masikio yamelala mgongoni, jicho limemtoka. Nyuma yake mbwa wawili wembamba mno, pua ndefu, mbavu zinahesabika, miguu yote minne haigusi chini. Nyuma ya mbwa kulikuwa na wazungu juu ya farasi, wamevaa kofia ndefu, wanaangalia tu. Xavery akaigongelea msumari sebuleni, juu ya runinga.

"Wenzako wanaweka Moyo Mtakatifu wa Yesu," nikamwambia, "wewe unaweka mbwa."

"Mapambo hayo, Mama. Hoteli kubwa ndivyo wanavyoweka."

"Basi tuletee na chakula cha hoteli."

Sikuipenda, na sababu ninazo. Marehemu mume wangu Raimundi alikuwa mwindaji, kwa hiyo mbwa wa kuwinda nawajua. Wetu hawabweki wakiwa kazini, ndiyo maana huvalishwa kengele shingoni. Ukiisikia unajua wako wapi. Wale wa picha hawakuwa na kengele, na midomo yao ilikuwa imefungwa. Mbwa anayekimbia bila kengele na bila sauti unamjulia wapi? Ameshafika.

Lakini kilichonikera zaidi ni shamba la mle pichani. Mlima mzima ulikuwa umeachwa hivihivi, laini, majani mafupi mwanzo hadi mwisho. Kwetu mlima haulimwi hivyo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana mpaka miraba itokee, kisha sisi wanawake tunachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Panabaki tuta pande zote na shimo katikati, maji yanatuama shimoni, na mlima hauteremki na mvua. Hiyo ndiyo ngolo. Sungura akifukuzwa kwenye ngolo hana haja ya mbio ndefu. Anajitupa shimoni, analala kimya, na mbwa wanapita juu. Yule wa kwenye picha hakuwa na pa kujitupa. Kila nilipomtazama nilimwonea uchungu, halafu nikakasirika kwamba naumizwa na karatasi.

Nilikuwa pale kwa ajili ya mkwe wangu, Sekela. Ni mwalimu, mtu wa Tukuyu, alipangiwa kazi Mbinga na Xavery akampata hapo. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ilikuwa ya tatu, na daktari alimwamuru alale, asinyanyue hata ndoo. Nikateremka kutoka kwangu mlimani nije nimpikie. Chumba chao kina giza, kwa hiyo mchana kutwa alijilaza kwenye kochi la sebuleni, macho yake na ile picha yanatazamana.

Siku moja nikiwa nachambua maharage akasema taratibu, "Mama, wale mbwa wanasogea."

"Lala, mwanangu. Macho yamechoka."

"Walipokuja, kiganja changu kilikuwa kinaenea kati yao na sungura. Pima sasa."

Nilipima ili nimnyamazishe. Niliweka kiganja juu ya kioo, na hakikuenea. Vilienea vidole vitatu tu, na hivyo ni vidole vyangu vyembamba. Nikamwambia sikuona mabadiliko yoyote. Alinitazama akajua nimedanganya, akauchukua mkono wangu akauweka tumboni kwake.

"Wakisogea, mtoto anatulia," akasema. "Tangu asubuhi hajacheza."

Niliuacha mkono wangu pale muda mrefu. Mwishowe nikausikia moyo, au nilidhani ni moyo: kitu kidogo kinachodunda haraka haraka chini ya ngozi, kina hofu. Nilikuwa nimezaa watoto sita na kuzika wawili, lakini siku hiyo niliogopa kuliko siku zote.

Xavery tulipomwambia hakubishana. Aliishusha picha, akaigeuzia ukutani nyuma ya kabati. Chai niliyokuwa nimemmiminia haikuwahi kupoa kabla Sekela hajaniita kutoka chooni. Ilikuwa damu. Xavery akakimbilia kutafuta gari, na mimi, sijui nani alinituma, nikaivuta ile picha nyuma ya kabati nikairudisha kwenye msumari wake. Walipofika hospitali damu ilikuwa imekata. Daktari akasema ni bahati, aendelee kulala. Hatukumwambia chochote, maana tungemwambia nini?

Jioni ile Xavery alikaa akiitazama picha, nyundo mikononi. Alitaka kuivunja kisha aichome. Sekela akamwambia, "Sungura yumo humo," na yeye akaiweka nyundo chini. Kati ya pua ya mbwa wa mbele na mkia wa sungura palikuwa panaenea kidole kimoja.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na lilikuwa wazo la mtu wa huku, wala sijui mtu wa kwingine angewaza nini. Niliwaambia yule sungura amekosa ngolo tu. Tumpe ngolo.

Hawakucheka. Tuliifungua fremu kwa kisu cha mezani, tukaondoa kioo. Karatasi ilikuwa baridi, na nitasema nilichokisikia hata wakinicheka: ilinuka manyoya yaliyolowa. Nikamwambia Xavery alaze nyasi, kwa sababu nyasi ni kazi ya mwanamume na ngolo isiyo na nyasi zake hubomoka. Alichukua kalamu, akalaza mistari minne mbele ya sungura, ikikatana vizuri kama baba yake alivyomfundisha. Mimi nikachukua udongo nilioukuna kwenye jembe langu nililoteremka nalo, udongo wa mlimani kwetu, nikauloweka kwa mate, nikazifunika nyasi zake kwa njiti ya kiberiti, tuta baada ya tuta. Katikati nikaweka masizi ya sufuria. Likawa shimo. Tukarudisha kioo tukalala.

Asubuhi Sekela ndiye aliyetuita, anacheka na kulia. Mtoto alikuwa anapiga mateke mpaka kanga inatikisika. Kwenye picha hapakuwa na sungura. Kwenye shimo langu, ukitazama kwa karibu sana, zilionekana ncha mbili za masikio.

Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nilijiona mjanja kuliko wazungu wote wale na farasi wao. Siku kadhaa mbwa walibaki pua chini, wananusa kandokando ya matuta. Baadaye nikaona wameacha kunusa. Walikuwa wameinua vichwa na kugeuka, na sasa walikuwa wanaitazama sebule yetu.

Xavery akarudi kutoka Ngaka akisema ameona mbwa wawili wembamba wakikimbia sambamba na lori kwenye mteremko. Alisema hivyo akila, kama habari ya kawaida. Safari iliyofuata hakula. Walikuwa wamekimbia naye mteremko mzima, karibu na mlango wake, hawabweki, wala hawachoki, na kila alipokanyaga breki walipunguza mwendo pamoja naye. Aliyekuwa nyuma yake na lori jingine hakuwaona. "Mama, nilitaka kuongeza mwendo niwaache," akasema, "nikajua nikiongeza, nimekwisha." Mchana ule aliokuwa barabarani nilikuwa nimeitazama picha: palikuwa na farasi na shimo tu. Sasa mbwa walikuwa wamerudi mahali pao, ndimi nje.

Ndipo nilipoelewa. Mbwa wale hawakumchukia sungura. Wanakimbiza kinachokimbia, basi. Niliwanyima sungura wao, nao wakatafuta mwingine ndani ya nyumba. Sekela alikuwa amelala, mimi nachechemea, aliyekuwa anakimbia ni mwanangu.

Nikamwambia Xavery aombe ruhusa akae nyumbani, atembee polepole mpaka mkewe ajifungue. Akatii. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima, sauti ya kuamsha wodi, tukamwita Raimundi, jina la babu yake. Waliporudi nyumbani niliishusha picha kwa mikono yangu, nikangoja. Hakuna damu, hakuna homa, mtoto ananyonya. Nikaifunga kwa kanga nikaibeba hadi kwangu mlimani. Kuichoma hapana, sungura alikuwa bado shimoni, nami sikuwa tayari kujua nini kingempata mtoto. Nikaitundika ukutani kwangu nikiwaza: hapa naishi peke yangu, na hakuna anayekimbia.

Nilikuwa nimewasahau kuku. Kuku hukimbia. Ndani ya muda mfupi banda lilibaki tupu, bila damu wala unyoya. Majirani wakasema kicheche. Nikasema ndiyo, kicheche.

Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka, mimi na wao. Mtu huzoea. Nilijifunza kutogeuka ghafla na kutoruka mfereji. Kisha Sekela akaitwa kwenye semina Songea, dada wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kuolewa, na Xavery yuko barabarani. Nililetewa Raimundi. Nilisita, Mungu anajua, lakini alikuwa bado anatambaa. Nikawaza, anayetambaa hakimbii.

Nilikuwa nachimba ngolo za maharage mteremkoni, nyumba iko juu yangu kidogo, mtoto nimemkalisha kwenye nyasi zilizolazwa. Akasimama. Nikatabasamu. Akapiga hatua yake ya kwanza, na ya pili, na mnajua watoto walivyo, hawaanzi kwa kutembea, mteremko ukamchukua akaanza kukimbia, anacheka, mikono imetanuka.

Nikatazama juu. Mlangoni kwangu vilikuwa vimetokeza vichwa viwili virefu, vinamtazama.

Sikuwaza. Niliwahi kumwona sungura mama akiwavuta mbwa mbali na wanawe, zamani, nikiwa msichana shambani kwa baba. Nilitupa jembe, nikapiga ukelele, nikakimbia, si kumwendea mtoto bali kumpa mgongo, kushuka mlima. Nilikimbia na magoti haya. Niliruka matuta, nikamkanyagia jirani yangu Avelina maharage yake, kanga ikanitoka, na nyuma yangu sikusikia mguu hata mmoja, ila pumzi. Pumzi ilinifikia visiginoni, ikapanda magotini. Nilihisi unyevu wake mgongoni. Nikajitupa ndani ya shimo la ngolo, nikalala, uso kwenye udongo.

Walisimama ukingoni, mmoja huku, mwingine kule. Niliona mbavu zao zikipanda na kushuka. Hawakunigusa, walikuwa wanangoja. Na ubavuni mwangu, ndani ya shimo lile, kulikuwa na kitu kingine, chenye manyoya, kinatetemeka. Nikakiwekea kiganja. Kilikuwa na moyo mdogo unaodunda haraka haraka, na moyo ule niliujua. Nilikuwa nimeuhisi sebuleni Mbinga, chini ya kanga ya Sekela.

Sungura alikuwa amejikunja tayari kuchomoka. Miguu ya nyuma ilikuwa imekaza. Huko juu mtoto aliacha kucheka, akaita, "Bibi." Nikamkandamiza yule mnyama chini kwa upole, nikamnong'oneza kama ninavyombembeleza mjukuu, "Tulia wewe. Natoka mimi." Nikaweka goti kwenye tuta, nikainuka, nikatoka taratibu katikati ya mbwa wale, nikaanza kupanda mlima. Hatua, nikasimama. Hatua. Walinifuata pua zikiwa kwenye pindo la gauni langu. Nikamwokota mjukuu wangu, na wao hawakumwangalia hata kidogo.

Picha bado iko ukutani kwangu. Ina farasi, wazungu na shimo. Mbwa hawamo tena. Wananifuata mimi tu, wananingoja nikimbie.

Mzee Hamphrey nilikutana naye stendi ya Mbinga mwaka huu. Sikumjua sura, ila alimjua Xavery aliyekuwa amenishika mkono. Nilikuwa nashuka kwenye basi kwa namna ninavyoshuka, na foleni nyuma yangu inaguna. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya visigino vyangu, akayashusha macho.

"Mpe mtu, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mwenye kuitaka hakosekani. Ukishampa tu, wanahamia kwake."

Kisha basi dogo la kwenda ziwani likaondoka, naye akalikimbilia akadandia mlangoni kama kijana.

Ni kweli hakosekani. Restituta, mwenye nyumba ya wageni pale barabarani, aliiona alipokuja kunisalimia, na tangu hapo hanipi nafasi. Anasema itapendeza mapokezini, wageni wataipiga picha. Nilikwenda kwake siku moja, picha nimeifunga kwenye kanga, nimedhamiria, kwa maana nimechoka, sijui niseme vipi nilivyochoka. Nataka kuikimbia mvua. Nataka kugeuka nikiitwa. Uani kwake watoto wake walikuwa wanacheza kukamatana. Nikasimama hapo langoni muda, wao wanakimbia, na nilisikia kando yangu pumzi mbili zikiongezeka kasi.

Restituta akatoka akinikaribisha. Nikamwambia samahani, nimepita tu kusalimia, ile picha imeliwa na mchwa.

Nikageuka kurudi, mvua ikanikuta njiani. Watu wote walikimbia. Raimundi alikuwa nami, naye akakimbia mbele, akarudi, akanizunguka, akakimbia tena, anapiga kelele za furaha kwenye madimbwi. "Bibi, nikimbize," akaniambia.

"Kimbia wewe, baba," nikamjibu. "Mimi nakuja."